Mtawa Niliyemfasiri kwa Faida Yangu

Ninaishi Greenbelt, Maryland, katika nyumba ya kupanga yenye chumba kimoja cha kulala, sebule, na jiko ambalo watu wawili hawawezi kupishana bila kuombana radhi. Nilihamia humo Jumatatu, tarehe 1 Novemba 2021, miezi minane kasoro siku mbili baada ya mume wangu kufariki. Dirisha la sebule linatazama njia ya waenda kwa miguu, nayo njia hiyo hunifikisha maktaba kwa dakika sita, dukani kwa dakika nane, na ziwani kwa dakika kumi na tano nikiwa sina haraka. Mkataba wa nyumba uliandikwa kwa jina la mwanangu, kwa sababu siku ile mimi nilikuwa bado ninalia na yeye ndiye aliyeweza kushika kalamu. Hilo lilikuwa kosa, na nimekwisha kutaja tarehe yake.

Mwaka wa kwanza na wa pili alitia saini ya kuongeza mkataba bila maneno. Mwaka 2024 alikataa. Fomu ilitakiwa irudi ofisini ifikapo Jumanne, tarehe 15 Oktoba, naye akaiweka kwenye droo ya jiko lake huko Bowie, chini ya vijiko, akasema anatafakari. Sababu yake ilikuwa kwamba Jumanne, tarehe 6 Agosti, niliteleza bafuni. Sikumwambia mtu. Siku tisa baadaye mkwe wangu, yaani mke wa mwanangu, aliona jeraha la rangi ya bilinganya kwenye mkono wangu na kunihoji mbele ya wageni. Nilieleza kiasi nilichoona kinawatosha: niliteleza, niliinuka, na chai nilikunywa.

Tangu hapo nyumba yao ilianza kuzungumzia chumba cha chini. Mwanangu ni mtumishi wa serikali, na nyumba yake ina vyumba vingi kuliko watu, kama zilivyo nyumba nyingi za Bowie. Chumba cha chini kina zulia, bafu lenye vyuma vya kushikilia, televisheni yenye ukubwa wa mlango, na kidirisha kimoja kilicho usawa wa majani, ambapo mtu anaweza kuona miguu ya kindi wanaopita. Kutoka hapo, hata kununua chumvi ni safari ya gari, na gari lina mwenyewe. Mwanangu alikisifia chumba hicho kwa sauti ile ile anayoitumia kazini anapowasilisha mradi ambao umekwisha kupitishwa.

Hata hivyo hakuthubutu kuniamuru. Mimi niliacha shule darasa la nne, nikarudi darasani hapa Marekani nikiwa na wajukuu, na Ijumaa, tarehe 20 Mei 2016, nikapokea diploma ya chuo nikiwa na umri wa miaka hamsini na saba. Diploma hiyo iko ukutani, mahali ambapo mgeni hawezi kukaa bila kuiona. Mtoto hamwamuru kwa urahisi mama aliyefaulu takwimu akiwa na miwani ya kusomea. Kwa hiyo akafanya jambo ambalo serikali zote hufanya zinapoogopa kutoa uamuzi: akaleta mtaalamu kutoka nje.

Mtaalamu alikuwa wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu, mzaliwa wa kwanza katika ukoo wao, mwenye miaka sabini na mbili. Alitua Jumatano, tarehe 25 Septemba, kutoka Ruvuma, akiwa na kilo sita za maharage na mamlaka kamili. Kwa desturi yetu, dada mkubwa anaweza kumsemea neno la mwisho mjane wa mdogo wake, na ukoo ulikuwa umekwisha kukutana kwa simu na kumkabidhi neno hilo. Mwanangu alitangaza kwamba chochote atakachosema shangazi, yeye atakitii: akisema nibaki, atatia saini, akisema nihame, nitahama. Alilitangaza hilo kwa unyenyekevu mkubwa, kama mtu asiyejua kwamba shangazi yake amelazwa katika chumba hicho hicho cha chini, na kwamba kila asubuhi anapanda ngazi akisema hajawahi kulala usingizi mzito namna ile.

Niliona kesi inaniponyoka. Nikahitaji shahidi.

Katika muhula wa majira ya kuchipua mwaka 2014 nilisoma somo la dini za dunia, na humo nilijifunza kwamba watawa wa Kibudha huishi katika chumba kidogo, wakiwa na mavazi machache na bakuli, bila televisheni, na watu wazima huwasujudia kwa sababu hiyo hiyo. Wifi yangu ni Mkatoliki, katibu wa jumuiya yake kwa miaka mingi, na amekulia jirani na watawa. Nilipiga hesabu kwamba kama angemwona kwa macho yake mtu mwenye heshima anayekaa peke yake chumbani na kufurahia, angeacha kuuona upweke kuwa ugonjwa. Jumamosi, tarehe 12 Oktoba, watu wa Ruvuma waishio huku walikuwa wakutane Woodbridge, upande wa Virginia, kila familia na chungu chake. Kabla ya kufika huko, kando kidogo ya njia, palikuwa na nyumba ya watawa inayopokea wageni. Nikapendekeza tupitie hapo, kwa ajili ya elimu.

Mkwe wangu ndiye aliyelishangilia wazo hilo kuliko wote. Yeye hutulia na kufuata pumzi yake kila asubuhi kwa dakika kumi kwa msaada wa programu ya simu, na simu humpongeza. Alisema mama amepata wazo zuri sana, na kwa kuwa hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kupata wazo zuri mbele yake, nilipaswa kushtuka.

Tulipanga kuondoka Bowie saa mbili na nusu asubuhi. Tuliondoka saa tatu na dakika ishirini, kwa sababu mwanangu alitaka kwanza kuosha gari. Tulikuwa watano: yeye kwenye usukani, mkewe kando yake, nyuma wifi na mimi, na baina yetu mjukuu wangu wa kike, mwenye miaka kumi na tisa, ambaye anaelewa kila neno la Kiswahili na hujibu yote kwa Kiingereza. Nyuma kabisa, kwenye sufuria iliyofungwa kanga mbili, palikuwa na wali na maharage ya wifi yangu kwa ajili ya Woodbridge.

Njiani wifi alitueleza watawa walivyo, ili tusije tukashangaa. Wale wa kwao, alisema, huamka alfajiri na kukamua. Wana kinu cha kusaga, karakana ya useremala, mitambo ya umeme wa maji, na soseji ambazo askofu huagiza. Mtawa mmoja aliwahi kumrekebishia baba yao baiskeli kwa vipande vya kitanda cha hospitali. Aliuliza hawa tunaokwenda kuwaona wana ng'ombe wangapi. Nikamwambia tutawauliza wenyewe.

Nyumba ilikuwa ya matofali, ya ghorofa moja, katika mtaa wa nyumba zinazofanana nayo, isipokuwa bustanini mwake palijengwa mnara mdogo mweupe wenye umbo la kengele. Jirani wa kushoto alikuwa amekwisha kupamba ua wake kwa mifupa ya plastiki, kama Wamarekani wafanyavyo kila Oktoba, na fuvu moja lilikuwa limelalia uzio. Wifi alisimama akaliangalia kwa muda, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama huyo alikuwa mtawa mwenzao. Nikamweleza ni mapambo. Aliuliza ya nini. Hapo elimu yangu ilikomea.

Mtawa mwenyewe alikuwa uani akifagia majani. Alikuwa mzaliwa wa Sri Lanka, mtu wa makamo, mwenye kitambaa cha rangi ya kahawia kilichozungushwa mwilini, soksi nene ndani ya kandambili, na kofia ya sufu. Aliweka ufagio, akaunganisha viganja na kuinamisha kichwa. Wifi alimnyooshea mkono. Mtawa akarudi nyuma nusu hatua, akitabasamu, na mkono wa wifi ukabaki hewani.

"Anaumwa?" wifi akaniuliza.

Nikamwambia ni sheria yao, hawashikani mikono na wanawake. Akaurudisha mkono taratibu, akaufuta kwenye kitenge, na nikajua shahidi wangu ameanza vibaya.

Tulivua viatu, tukaketi sebuleni kwenye mikeka, naye wifi akapewa kiti, na sote chai. Palikuwa na harufu ya udi na ya zulia lililooshwa. Ilibidi awepo mtu wa kufasiri, kwa maana wifi hajui Kiingereza. Mjukuu wangu alifungua mdomo kujitolea. Nikamtangulia. Hakuna aliyepinga, na kwa kweli sikuwapa nafasi.

Mwanzoni nilifasiri kwa uaminifu, kwa sababu majibu hayakunihusu. Mtawa alieleza siku yake bila madoido. Huamka saa kumi na nusu alfajiri, huimba sala, hukaa kimya kwa muda wa saa moja, hufagia, na saa moja hivi hunywa uji. Mchana husoma, huandika, hupokea watu wenye matatizo, ambao wengi wao huja kuongea habari za watoto wao na za kazi. Jioni sala tena, na saa nne hulala. Mlo mkubwa ni mmoja, nao lazima uishe kabla ya saa sita mchana. Baada ya hapo ni chai tu, mpaka kesho.

Mwanangu aliuliza anapimaje maendeleo yake. Alitaka kujua kama kuna malengo ya robo mwaka. Mtawa alifikiri kwa dhati, akatazama dirishani, akasema kwamba alikuwa amefagia ua tangu saa tatu na majani yalikuwa bado yanaanguka. Mwanangu akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa takwimu.

Mkwe wangu aliuliza habari ya kutokula baada ya saa sita: je, alikuwa amepungua kilo ngapi? Hapo mtawa alicheka, akajipiga tumbo. Alisema ameongezeka tangu afike Marekani. Waumini wake wanaogopa kwamba atakufa njaa jioni, hivyo kila siku saa tano humletea chakula cha watu sita na kukaa wakimwangalia mpaka amalize. Mkwe wangu hakuliandika hilo kwenye simu yake, ingawa yaliyotangulia yote alikuwa ameyaandika.

Kisha wifi akaanza.

"Wifi, muulize ng'ombe wako wapi."

Niliuliza. Mtawa alisema hawafugi. Wala hawalimi, sheria yao inawakataza hata kuchimba udongo, wasije wakaua vilivyomo. Nilipofasiri hayo, wifi alimtazama yule mtu kuanzia kofia hadi soksi.

"Mtawa asiyelima," alisema. "Sasa anakula nini?"

Mtawa akajibu kwamba anakula kile ambacho watu wanamtia mkononi, na kwamba kama hawakumtia, hali kitu. Nilielewa mara moja kwamba jibu hilo halinifai. Nikamgeukia wifi nikasema: "Anasema anatosheka na kidogo alichonacho."

Ulikuwa upotoshaji mdogo, wa kitaalamu. Mjukuu wangu aliinua macho kutoka kwenye kikombe chake cha chai, akayashusha.

Wifi akauliza kama anakaa peke yake katika nyumba yote hii. Swali hili ndilo nililolisafiria. Mtawa alisema hapana, wako watatu. Mmoja ana goti bovu na yuko hospitali, na wa pili amekwenda kukaa naye. Leo yeye yuko peke yake na halipendi jambo hilo. Usiku nyumba ina sauti nyingi mno. Nikafasiri hivi: "Leo yuko peke yake, na wala hajafa."

Mjukuu wangu akakohoa. Nikamwambia anywe chai polepole.

Wifi hakuridhika. Aliinama mbele, viwiko juu ya magoti, akazungumza na mtawa moja kwa moja, kana kwamba Kiswahili kikisemwa taratibu vya kutosha kila mtu atakielewa. Alimwita padri. Alimuuliza: padri, ukiwa chumbani mwako, mlango umefungwa, ukaanguka, nani anajua?

Sikuwa na namna. Nililipeleka swali kama lilivyo. Mtawa akatoa jibu refu. Alisema jikoni kwao kulikuwa na ndizi. Tangu asubuhi anaiona. Lakini mpaka mtu aje aichukue na kumpa mkononi, hawezi kuila, hata akiwa na njaa, hata ikiwa hakuna mwingine nyumbani. Wala hawezi kuweka chakula cha leo kwa ajili ya kesho. Alipokuwa kijana, alisema, aliiona sheria hii kuwa ya kuudhi. Yeye alikuwa na mikono miwili na nguvu. Baadaye aliona ilitungwa kwa makusudi, ili asitokee mtawa hata mmoja atakayeweza kusema hamhitaji mtu. Mtawa wa namna hiyo, alisema, watu wangepita mlangoni pake miaka yote bila sababu ya kubisha hodi; na siku akianguka, ingekuwa siku kama nyingine.

Wifi alinigeukia, akisubiri.

"Anasema," nikamwambia, "kuna ndizi jikoni."

Wifi akangoja nyongeza. Haikuja. Akamtazama mtawa, ambaye alikuwa amezungumza kwa dakika nne, akanitazama mimi.

Hapo ndipo mjukuu wangu alipofanya jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu azaliwe. Aliweka kikombe chini, akamgeukia shangazi ya baba yake, akasema Kiswahili. Alikisema kwa kuokoteza, neno moja baada ya jingine, akitoka jasho.

"Bibi, yeye hasemi hivyo tu. Yeye anasema ndizi iko, anaiona, lakini kama hakuna mtu anampa, hawezi kula. Ni sheria. Sheria iko ili… ili asiseme mimi sihitaji watu. Kama anasema hivyo, hakuna mtu anakuja. Na akianguka, hakuna mtu anajua." Akavuta pumzi. "Na hakai peke yake. Hapendi. Bibi yangu amebadilisha."

Mkwe wangu alitazama ukuta. Mwanangu alimtazama mkewe.

"Wifi," wifi akasema, "ndivyo alivyosema?"

"Kwa ufupi," nikajibu.

Mtawa aliuliza kwa upole kama kuna tatizo la lugha. Mjukuu wangu, ambaye sasa alikuwa ameshika kasi, alimweleza kila kitu kwa Kiingereza: nyumba ya Greenbelt, droo ya vijiko, chumba cha chini, bafuni, tarehe kumi na tano. Nilikaa hapo nikisikiliza maisha yangu yakifasiriwa kwa usahihi. Mtawa alinitazama bila kunicheka; kama angenicheka, ingekuwa rahisi zaidi kuvumilia.

Kisha akatazama saa ya ukutani, nasi tukaitazama. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini na tano. Mwanangu, ambaye huona ratiba inapovunjika hata ikiwa ya mtu mwingine, aliuliza kama watu wa chakula hawajachelewa. Mtawa alisema ndiyo; familia ya zamu ya leo ilikuwa imepiga simu, ajali imefunga barabara kuu, hawatafika kabla ya saa sita. Si kitu, alisema, atakunywa chai. Alilisema kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Mjukuu wangu akamfasiria wifi.

"Mpaka kesho?" wifi aliuliza. "Na jiko lina vitu?"

"Mpaka kesho, bibi."

Wifi alisimama. Ng'ombe walisahauliwa, na mkono ulioachwa hewani pia. Alimwambia mwanangu alete ile sufuria, naye mwanangu alikimbia bila viatu. Mkwe wangu alitumwa sahani, mjukuu maji ya kunawa. Mimi nilitumwa ndizi. Wifi alipakua wali, akamwagia maharage, akaishika sahani kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, kama alivyokuwa akimpelekea chakula baba yake, na akaiweka juu ya viganja vya yule mtawa bila kumgusa. Hakuna aliyemfundisha. Mimi nilitoa ndizi. Mtawa aliipokea kwa uzito ule ule aliopokelea sahani. Alisema maneno machache ya lugha yake, akaketi, akala kimya, na saa sita kasoro dakika nne alikuwa amemaliza. Wifi alimwangalia mpaka punje ya mwisho, kama waumini wake wengine.

Tulirudi garini. Wifi alikuwa amebadilisha nafasi na mjukuu, sasa ameketi kando yangu, bega kwa bega.

"Na wewe," alisema, "ile siku ya bafuni. Nani alikupa mkono?"

Nilisema niliinuka mwenyewe.

"Baada ya muda gani?"

Nimekuwa mtu wa tarehe na saa tangu nilipojifunza kuziandika. Ningeweza kusema sikumbuki, lakini uongo wa namna hiyo siuwezi. Nilikuwa nimekwisha kuutumia wote nilioruhusiwa kwa siku moja. Nikamwambia nilianguka saa tatu asubuhi na niliinuka saa saba na robo. Simu ilikuwa sebuleni. Ukuta wa jirani ulikuwa karibu kiasi cha kuufikia kwa mkono, na nilisikia redio yake ikieleza msongamano wa magari. Sikugonga. Nilikuwa nimevaa kitambaa kimoja tu, na sikutaka aje anikute vile, mimi ambaye mwezi Juni nilimsaidia kujaza fomu zake za bima. Nilisubiri mpaka nyonga ikakubali.

Mwanangu aliwasha taa ya kukata kulia na hakukata. Ilipiga tik, tik, kwa umbali mrefu. Mkwe wangu aligeuka akanitazama, na usoni mwake hapakuwa na utulivu wowote wa simu.

"Shangazi, sasa unaona," mwanangu alisema hatimaye. "Chumba cha chini kiko tayari. Kila kitu kipo. Hatahitaji kuomba hata maji."

"Ndiyo nimekiona," wifi alisema. "Nimelala humo wiki mbili na nusu. Naletewa chai kabla sijaitaka. Juzi nilitaka kuchambua maharage, mkeo akaninyang'anya. Ukimweka huyu humo, hataomba kitu mpaka tunamzika. Atazidi kiburi, na mtakuwa mnamlisha."

Kisha akanigeukia. "Utabaki kwako. Lakini kila wiki utaomba kitu kimoja. Kwa mdomo wako, kwa hawa, kitu usichokiweza mwenyewe. Nami nitapiga simu kila Jumapili kuuliza umeomba nini. Wiki usiyoomba, wiki hiyo hiyo unahamia kwenye zulia."

Nilisema hiyo ni adhabu ya ajabu. Akasema hakunivukia bahari ili anipe zawadi. Mjukuu wangu alicheka, akaanza kumfasiria mama yake, ambaye ni mzaliwa wa Mbeya na hahitaji kufasiriwa chochote.

Woodbridge tulifika na sufuria nusu. Wifi aliwaeleza watu wa Ruvuma kwamba watawa wa huku ni wazuri ila hawana mifugo.

Mwanangu alitia saini Jumatatu, tarehe 14 Oktoba, na fomu nikaipeleka ofisini mwenyewe kesho yake asubuhi, kwa miguu. Ombi langu la kwanza nilitoa siku hiyo hiyo, nikiwa nimepania kumaliza mapema: nilimpigia mwanangu nikamwomba chumvi. Aliileta saa kumi na mbili jioni, akiwa na shangazi yake. Wifi alikwenda moja kwa moja kwenye kabati langu, akafungua, akakuta kopo lililojaa chumvi, akalifuta ombi. Ijumaa niliomba waniwekee balbu ya bafuni, ambayo kwa kweli ilikuwa imekufa tangu Septemba na nilikuwa nikioga mlango wazi. Hilo alilipitisha, kwa shingo upande. Jumapili, tarehe 20, aliondoka.

Lakini kulikuwa na jambo jingine, na ninaamini alilijua, kwa maana aliniaga akitazama miguu yangu. Tangu Agosti nyonga ya kulia hainiruhusu kuinama hadi chini. Mguu wa kushoto nilikuwa nikiumudu. Wa kulia nilikuwa nauficha katika viatu vilivyofungwa, hata ndani ya nyumba, na kucha zake zilikuwa zimefikia hali ambayo sitaieleza.

Jumatano, tarehe 23 Oktoba, saa mbili kasoro robo usiku, nilimpigia mkwe wangu. Nilikuwa nimeandika sentensi kwenye karatasi kwanza, nikaifuta, nikaiandika tena. Nilimwuliza hali, kazi, na barabara. Aliuliza kama niko salama. Nikasema niko salama, na kwamba ningemwomba, kama atakuwa na nafasi, anikate kucha za mguu wa kulia.

Akasema anakuja.

Alifika akiwa na nguo za kazini na beseni lake mwenyewe. Aliketi chini, akaupakata mguu wangu juu ya taulo, akavaa miwani. Hakuongea habari za kupumua. Alianza na kidole kikubwa, akashuka kimoja kimoja, na kile kidogo alikikata mpaka karibu na nyama. Nikamwambia ameingia ndani mno, kwamba kucha hukatwa kwa kufuata mviringo, na kwamba taa ilikuwa upande usiofaa.

"Mama," alisema, bila kuinua kichwa, "tulia."

Nikatulia.